Haragwe Ndani ya Unga

Alhamisi, 7 Oktoba 1982

Mwalimu Dadacha wa ngumbaru, darasa letu la watu wazima, ametuagiza kila mtu aandike daftari lake mpaka mvua za vuli ziishe. Anasema mkono usioandika unasahau. Nikamuuliza, na mvua isiponyesha? Akasema basi utaandika jua. Haya, leo ni jua.

Mimi ni Abiba, mke wa Galma mchuuzi wa mbuzi, hapa Bulla Pesa, Isiolo. Wanawake wa upande huu wananijua kwa sababu ya moshi. Nyuma ya nyumba yangu kuna kibanda, ndani yake shimo, na kila Alhamisi wanakuja kwa qaya, moshi wetu wa ubani na manemane. Mtu anavua nguo, anakaa kwenye kigoda juu ya shimo, anajifunika blanketi mpaka shingoni, jasho linamtoka. Akimaliza anapakwa siagi mwili mzima. Bibi harusi, mama aliyezaa, mjane aliyemaliza eda, wote wamepita mikononi mwangu. Lakini mimi mwenyewe napakwa na Racho peke yake. Racho ni rafiki yangu tangu tukichunga ndama pamoja kule Kinna, tukiwa bado hatujang'oka meno ya utotoni.

Leo amekuja nesi mpya wa hospitali, Mturkana, anaitwa Natabo. Ana miguu mirefu na kicheko kinachosikika mpaka sokoni.

"Habari, mama," akasema. Nikamjibu, sina ubaya na salamu. Kumbe ana lake. Ati wanawake hawaendi hospitali kuangaliwa matiti, wanakuja wakati uvimbe umeshaharibu kila kitu, kwa hivyo anaomba aje hapa Alhamisi awaangalie, maana hapa tayari wamevua nguo.

Nikamwambia, "Sista, hapa ni pahali pa moshi, si wodi. Mgonjwa anajua njia ya hospitali."

"Hii ugonjwa mwanzoni haiumi, mama. Mimi natafuta yule ambaye haumwi."

Sijawahi kuona mganga anayetafuta wazima. Nimempa chai, nimemsindikiza mpaka mlangoni, nimerudi kwa moshi wangu.

Ijumaa, 8 Oktoba

Jua. Tiya, kitinda mimba wangu, amepoteza kiatu kimoja.

Jumapili, 10 Oktoba

Racho amemkaribisha yule nesi kwake. Nimesikia kwa Maryan muuza maziwa, sikusikia kwa Racho mwenyewe, na hapo ndipo panaponiuma. Mtu nimemkataa mimi, Racho anamkubali vipi? Tulipokuwa wadogo nikisusa chakula yeye pia hali, hata akiwa na njaa ya kulia.

Jana Mwalimu alituandikia ubaoni, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeinakili kwa sababu alisema tuinakili. Mimi siumwi, kwa hiyo mgeni wangu akae tu kwao.

Alhamisi, 14 Oktoba

Wamekuja wachache. Wengine walipitia kwa Racho kwanza kuona nesi anafanya nini, wakafika hapa wamechelewa, wanacheka mambo ambayo mimi sijui.

Mwishoni Racho akanipaka siagi kama kawaida. Alikuwa ananihadithia ugomvi wa majirani zake, na mimi nilikuwa nimenuna lakini nasikiliza. Alipofika titi la kushoto, juu, karibu na kwapa, mkono ukasimama.

"Hii bado iko?" akauliza.

"Ni maziwa ya Tiya."

Anajua habari hiyo. Mwaka juzi Galma aliugua kule Merti, nikaondoka ghafla kwenda kumuuguza, nikamwacha Tiya hajaacha kunyonya. Maziwa yakakosa mtoto, yakalala, yakaganda. Mama yangu alikuwa akisema maziwa yaliyolala yanakuwa jiwe. Mwanzo lilikuwa kama punje ya mahindi, sasa limezidi kidogo. Nalikanda kwa siagi ya moto. Haliniumi hata kidogo. Titi lililolea watoto watano likiweka ukumbusho wake, kuna ajabu gani?

Racho hakumaliza hadithi ya majirani. Akanawa mikono, akaondoka kabla ya chai.

Jumamosi, 16 Oktoba

Mawingu upande wa mlima. Hayakushuka.

Jumatatu, 18 Oktoba

Nimewaona sokoni, Racho na nesi, wameshikana mikono. Racho alikuwa anamwonyesha mafundo ya ubani, lipi zuri, lipi la takataka. Mambo hayo nilimfundisha mimi. Nilinunua nyanya nisizozihitaji ili nipate sababu ya kusimama pale. Natabo akaniona, akanipungia mkono kama mtu asiye na hatia. Racho pia akanipungia, lakini wa haraka, na macho akayaficha.

Nimeona wivu, wacha niandike tu. Wa mume nimeshauona, ule unakuja kama moto wa nyasi, unawaka na kuzima. Huu wa Racho umenikaa kifuani toka asubuhi na hata chakula hakishuki.

Alhamisi, 21 Oktoba

Racho hakuja. Nimengoja mpaka makaa yakawa majivu. Maryan akasema, "Mama Tiya, lete nikupake mimi." Nikakataa. Nimejipaka mwenyewe, na katikati ya mgongo, mkono usipofika, pamebaki pakavu.

Jumapili, 24 Oktoba

Mvua. Kubwa, ya kweli, watoto wote wako nje. Galma ameondoka na lori kwenda Korbesa kununua mbuzi kabla barabara haijaharibika. Nilimwambia angoje. Lini mwanaume aliambiwa angoje akangoja?

Jumanne, 26 Oktoba

Leo nimefanya jambo la aibu, nimechungulia. Nilikwenda kwa Racho kurudisha ungo wake. Ungo huo ulikuwa kwangu tangu mwaka jana na leo ndiyo nikakumbuka kuurudisha, nani ataamini? Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani wamekaa kwenye mkeka, Racho na nesi wake, katikati kuna sinia la unga uliokandwa. Racho amefunga macho. Anaubonyeza unga kwa vidole vitatu, pole pole, anazunguka, anabonyeza tena.

"Hapa," akasema Racho.

Natabo akapasua unga, akatoa haragwe. Wakacheka mpaka Racho akajifuta machozi kwa leso.

Wanawake wazima wanacheza kombolela na maharagwe, na unga ni wa kununua. Mimi na Racho hatujacheza tangu tulipokua, mama zetu wakatukataza. Nimeacha ungo mlangoni, nikarudi na mvua yote mgongoni.

Alhamisi, 28 Oktoba

Wawili tu. Maryan na bibi mmoja asiyeona vizuri, nadhani alikosea nyumba.

Nikamuuliza Maryan wengine wako wapi, akajibu wako kwa Racho, wanaangaliwa. Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Mnajua anachotafuta kwenye matiti yenu? Anatafuta nani bado ana maziwa, amwandikie sindano ya kufunga uzazi. Serikali inataka watoto wapungue, na wa kuanza nao ni sisi."

Maryan akaacha kutoa jasho. Akauliza, "Nani amesema?"

"Watu wa hospitali wenyewe."

Hakuna aliyesema. Nimelitunga pale pale, huku nikitia ubani motoni.

Jumamosi, 30 Oktoba

Mvua. Daraja la miti la huku kwetu limekwenda na maji.

Jumatatu, 1 Novemba

Maneno yangu yamefika sokoni kabla yangu. Sasa sindano imekuwa sindano mbili, na mwanamke mmoja wa Garba Tulla ameshakauka uzazi. Nimesimuliwa mimi mwenyewe na muuza mkaa, akaniambia nijihadhari. Nikamshukuru.

Alhamisi, 4 Novemba

Kibanda kimejaa, wengine wamengoja nje chini ya turubai. Kwa Racho hakuna mtu. Nilidhani nitafurahi zaidi ya hivi.

Jioni Racho akaja. Mvua inamnyeshea, nikamwambia ingia, hakuingia.

"Abiba, ni wewe?"

"Ni mimi nini?"

"Darmi alikuwa aende Meru kesho."

Darmi ni mke wa Shuriye fundi viatu, msichana tu, ana mtoto mmoja. Racho akaniambia kwamba walipata uvimbe kwenye titi lake, nesi akamwandikia barua ya kwenda kwa daktari, na Shuriye alikuwa amekubali. Leo asubuhi Shuriye amechana barua. Amesema mke wake hataenda kufungwa uzazi na Waturkana wala na serikali.

"Nimeuliza yametoka wapi hayo maneno," Racho akasema. "Nimeyafuata nyumba kwa nyumba mpaka hapa mlangoni kwako."

Ningeweza kukana. Badala yake nikasema, "Wewe umenitupa kwa sababu ya mtu wa juzi."

"Sijakutupa," akasema, na akaenda zake. Ungo wangu mzuri wa kupepetea, ambao alikuwa ameazima, ameuacha umeegemea ukuta.

Jumapili, 7 Novemba

Mvua. Mto Ewaso Nyiro umefurika, malori yamekwama ng'ambo. Galma yuko Korbesa na mbuzi wake na hakuna ajuaye atavuka lini.

Jumatatu, 8 Novemba

Mvua.

Alhamisi, 11 Novemba

Kumejaa tena, lakini wanawake wananyamaza nikiingia. Sijui wanajua nini.

Walipoondoka nikajipaka mwenyewe. Niliinua mkono wa kushoto juu ili siagi ifike kwapani, na mlango ulikuwa wazi, mwanga unaingia. Pale penye jiwe la maziwa, ngozi imevutwa ndani. Nikishusha mkono inarudi sawa. Nikiinua inaingia tena, kama kuna mtu ndani ameshika uzi.

Maziwa hayafanyi hivi. Nimeandika hayo, nikataka kuyafuta, lakini Mwalimu alisema tusifute. Basi yakae.

Haliumi, hii ndiyo ajabu. Mchana wote nimekuwa nikisikia sauti ya yule mwanamke na miguu yake mirefu, natafuta yule ambaye haumwi.

Jumamosi, 13 Novemba

Sikwenda ngumbaru. Nimefua hata vilivyokuwa safi.

Jumanne, 16 Novemba

Nimekwenda hospitali. Niandike ukweli nilienda kwa nini. Nilikuwa na hofu, ndiyo, lakini hofu ingenikalisha nyumbani. Kilichonitoa ni kwamba leo asubuhi nilimwona Racho akielekea huko na kikapu cha chapati. Nikasema kumbe wanapikiana. Nikasema nitaenda nione huyo mtu anawapa nini, aniguse na mimi alivyomgusa yeye, na akikosea nitawatangazia watu. Wivu ndio ulionivalisha buibui, ukanifikisha mpaka benchi la hospitali.

Racho alikuwa ameshaondoka. Natabo aliponiona hakucheka.

"Karibu, mama," akasema.

"Nimekuja uniangalie. Na usinifiche kitu."

"Sifichi."

Nilijua ameshasikia yale maneno yangu ya sindano. Nilingoja anirushie. Hakunirushia. Akanawa mikono, akaisugua mpaka ikapata joto, akaniambia niinue mkono nyuma ya kichwa. Alianza na titi la kulia, lililo zima, vidole vitatu vimelala, anazunguka pole pole, anabonyeza kidogo, kisha zaidi. Nikautambua mwendo huo. Ni ule wa sinia la unga.

Kisha akaja upande wa kushoto, na mkono wake haukutafuta, ulikwenda pale pale. Akapapasa na kwapani. Akasema, "Ndiyo. Ni vile Racho alisema. Juu, karibu na kwapa."

Damu ikanipanda. Kumbe wamekaa, chai mkononi, wanazungumza titi langu. Nikavaa bila kufunga vifungo vyote. Natabo akanishika mkono, akasema lazima niende Meru wiki hii, nisingoje mume, kwamba pengine bado kuna nafasi nzuri na pengine si kitu, daktari ndiye ataamua, lakini nisingoje. Nikautoa mkono wake kwangu, nikaenda moja kwa moja kwa Racho na matope mpaka magotini.

Alikuwa anakanda unga.

"Umempa mgeni mwili wangu," nikamwambia. "Miaka yote hii nimevua nguo mbele yako, ukaenda ukamhadithia."

Akakata donge la unga, akanipa mgongo akitia kitu ndani yake, kisha akanigeukia na kuliweka kwenye sinia mbele yangu.

"Funga macho," akasema. "Tafuta."

"Sikuja kucheza."

"Abiba, tafuta."

Nikatafuta, kwa hasira. Nikapata kitu, nikabonyeza, kikateleza chini ya kidole, nikakifuata, kikateleza tena.

"Hiyo inakimbia," Racho akasema. "Mara nyingi inayokimbia haina ubaya mkubwa. Sasa shika hii."

Akanipa donge la pili. Hapo sikuhitaji kutafuta sana. Lilikuwa haragwe lililokauka, gumu, limeshikana na unga ulioanza kukauka pande zote, nikilisukuma unga wote unakwenda nalo. Nililijua. Nimelikanda kwa siagi miaka miwili.

Nikafungua macho. Racho alikuwa analia bila sauti.

"Siku ile nilikugusa nikaogopa," akasema. "Lakini nitasema nini? Ningekwambia ni ugonjwa, ungeniambia ni maziwa, na ningenyamaza, maana sikujua. Kwetu mtu hatamkiwi jambo baya juu ya mwili wake kwa kubahatisha. Nikaona kwanza mkono wangu ujue, ndipo mdomo useme. Nikamwambia nesi anifundishe. Nimepapasa unga, nimejipapasa mwenyewe, nimewapapasa wanawake wote waliokuja kwangu, mpaka nikajua titi zima likoje. Alhamisi ile niliyokosa, nilikuwa nimekuja mpaka kwenye ua wako, nikarudi. Sikuweza kukupaka siagi na kukudanganya."

"Na wiki hizi zote ningekufa?"

"Juzi nilikuja kukwambia. Ile jioni ya mvua niliyosimama mlangoni kwako. Nilikuwa nimeshajua. Halafu nikakuta ni wewe uliyemzuia Darmi, na hasira ikanifunga mdomo. Hilo Mungu aniulize mimi."

Tukakaa hapo na sinia katikati. Nilitaka nimsamehe na nilitaka nimpige. Nikamuuliza, "Na yeye, huyo Natabo, ulimpikia chapati za nini?"

Racho akanitazama na machozi yake, akaanza kucheka. "Hata leo, Abiba?"

Hata leo.

Jumatano, 17 Novemba

Nimekwenda kwa Shuriye fundi viatu. Nimesimama mbele ya wateja wake nikasema yale maneno ya sindano niliyatunga mimi, kwa wivu, na hakuna hospitali iliyoyasema. Aliendelea kugonga msumari. Nikasema, "Kesho naenda Meru kuangaliwa titi langu. Nipe Darmi niende naye. Akirudi amefungwa uzazi, njoo uchome kibanda changu."

Akauliza, "Wewe pia unayo?"

Nikasema ndiyo. Ni mara ya kwanza kulisema kwa mdomo.

Darmi akatoka na mtoto mgongoni, amesikia yote. Hakunisalimia. Alisema tu, "Tunaondoka saa ngapi?"

Ijumaa, 19 Novemba, Meru

Baridi. Mvua ya huku haina haraka, inanyesha mchana kutwa kama iko kazini. Tumekuja watatu, mimi, Darmi na Racho. Tiya yuko kwa Maryan.

Daktari alimchoma Darmi sindano nyembamba penye uvimbe, ukatoka maji. Akamwambia ni maji tu, aende nyumbani, aendelee kujiangalia kila mwezi na kurudi kwa nesi kila mwaka. Darmi akaja benchi anacheka na kulia, ananikumbatia, yule aliyekuwa haniongeleshi.

Mimi nilipoingia, sindano haikutoa maji. Daktari akatoa kipande, kitapelekwa kuangaliwa. Alipouliza nimekuwa nacho tangu lini, nikasema tangu mwaka juzi, akaacha kuandika kidogo.

Nimemwonea wivu Darmi. Mungu anisamehe, nilimwangalia akifunga leso yake kwenye kifua chake kizima nikasema moyoni, kwa nini yeye maji na mimi jiwe? Nilimwombea mabaya? Hapana. Lakini kumfurahia sikuweza mpaka basi lake lilipoondoka.

Racho amebaki na mimi.

Jumatano, 24 Novemba

Majibu yamekuja, ni ule ugonjwa wenyewe. Kesho watalitoa titi lote na tezi za kwapani. Walitaka sahihi ya mume. Nikasema mume yuko ng'ambo ya mto na mto hausomi barua. Nimeweka sahihi yangu mwenyewe, herufi zimelala lakini ni zangu. Mwalimu Dadacha atapenda hilo.

Jumatatu, 29 Novemba

Wamelitoa. Mkono wa kushoto mzito, siandiki mengi. Racho ananilisha uji. Kitanda cha jirani kuna mama anayetembelewa na dada zake wanne kila siku, wamejaa vicheko. Nikamwambia Racho, mimi ninaye mmoja na anatosha. Akasema Natabo ametuma salamu. Nikageukia ukuta.

Alhamisi, 2 Desemba

Leo ni siku ya moshi na sipo.

Galma amefika. Mto umeshuka, amekuja moja kwa moja na matope ya Korbesa kwenye suruali. Hakujua aangalie wapi, akaangalia miguu yangu. Nikamwambia, "Kama utatafuta mwingine sema sasa. Nimelala hapa, siwezi kukufukuza."

Akafikiri. "Mbuzi sita wamenishinda kuvusha mtoni," akasema. "Mke wa pili nitamvusha na nini?"

Nilicheka mpaka mshono ukauma. Akatoa kibuyu kidogo cha maziwa yenye harufu ya moshi, akakaa kitandani, na hapo ndipo alipoangalia kifua changu, akavuta blanketi akanifunika vizuri.

Jumatatu, 13 Desemba, Isiolo

Nyumbani. Daktari amesema tezi moja ilikuwa imeguswa, zingine safi. Nirudi baada ya miezi mitatu, na mingine mitatu, nisikose. Nikamuuliza kama nimepona. Akasema, "Umekuja ukiwa na nafasi. Mapema zaidi ingekuwa bora. Mwaka mmoja tena, sijui tungekuwa tunazungumza nini." Nimempenda kwa kutonidanganya, nimemchukia pia.

Alhamisi, 16 Desemba

Siwezi kukaa juu ya moshi bado, ila wanawake walikuja. Nilikaa kwenye kigoda wakangoja nianze. Walikuwa wanaangalia kila kitu isipokuwa mimi, basi nikafungua leso. Nikawaacha waone. Kovu bado jekundu, linatoka katikati ya kifua mpaka kwapani.

Nikasema, "Hili si la sindano ya uzazi. Hili ni la jiwe nililoliita maziwa. Halikuniuma siku hata moja. Yale mengine niliwadanganya kwa wivu, nikidhani Racho amenitupa."

Bibi asiyeona vizuri akanyoosha mkono, akaniuliza kama anaweza kugusa. Nikamsogelea. Alipogusa wengine wakaanza kupumua. Maryan akasema, "Mama Tiya, mwite huyo nesi."

Nikasema nitafikiria.

Ijumaa, 17 Desemba

Nimefikiria. Nimemwita. Nikampa sharti moja, kwamba kabla ya kugusa mtu katika kibanda changu, yeye mwenyewe avue akae juu ya qaya, anuke kama watu.

Jumatatu, 20 Desemba

Jua. Matope yanapasuka.

Alhamisi, 23 Desemba

Natabo amekaa juu ya moshi. Alikohoa, akalia machozi, akauliza kama tunataka kumkausha kama nyama. Alipotoka, ngozi inang'aa hivi, wanawake wote wakamsifu. Ati moshi umemkubali kuliko waliozaliwa nao. Nimekuwa na kibanda hiki tangu kabla hajaota meno, hakuna aliyewahi kunisifu mimi vile. Nimempaka siagi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Akasema asante, mama. Ana adabu, hilo siwezi kumnyima.

Tumekubaliana. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi ni yake, kupapaswa kwanza, moshi baadaye. Nyumbani kila mtu ajiangalie mwenyewe damu ya mwezi ikiisha, na ambaye haoni tena damu achague siku asiisahau. Siku zingine Racho atasimama badala yake. Mwenye kitu anapelekwa, wala hatuketi kubishana kama ni maziwa.

Alhamisi, 30 Desemba

Haijanyesha wiki nzima isipokuwa manyunyu ya leo. Mwalimu anasema hiyo ndiyo ya kufunga vuli, tulete madaftari. Hili langu sitalipeleka. Nitamwambia lilinyeshewa.

Leo foleni ilifika mpaka barabarani. Darmi alikuja na mama mkwe wake. Racho alikuwa anakunja mikono aanze, na yule wa kwanza alikuwa ameshaingia, nikamwambia toka. Nikasema kabla ya mikono hiyo kugusa mtu yeyote hapa, inaanza na mimi. Hakuna aliyebisha, wananijua.

Racho akanipaka mgongo kwanza, katikati, pale palipokuwa pamekauka tangu Oktoba. Akazunguka kovu bila kuligusa. Kisha akachota siagi kidogo na kuja titi lililobaki. Mimi nilikuwa namhadithia habari za Maryan, nikajikuta nimenyamaza. Vidole vitatu, pole pole, juu, pembeni, chini, kwapani. Niliangalia uso wake na uso haukusema kitu.

"Hakuna," akasema.

"Rudia."

"Abiba, watu wanangoja."

"Wangoje. Rudia."

Nje mtu akauliza foleni itasonga lini. Racho akachota siagi nyingine, akafunga macho, akaanza tena kutoka juu.